Cheni ya vito ya mwanamume: anza na kifungio, rangi ije mwisho

Mwanamume anayetafuta cheni ya vito kwa mara ya kwanza huwa ameshaamua rangi kabla hajagusa chochote. Anataka jiwe jeusi, au la buluu iliyoiva, au la kijani, na mazungumzo yake yote na muuzaji huzunguka hapo hapo. Mimi hushauri kinyume chake. Cheni ichukuliwe mkononi, igeuzwe, na uchunguzi uanzie nyuma, kwenye kifungio kitakachokaa kisogoni, kisha ufuate mkufu hadi kwenye kitanzi kinachoshika kidani, na kutoka hapo hadi kwenye vikucha vinavyoshika jiwe; rangi isubiri. Sababu ni kwamba jiwe halipotei kwa ajili ya rangi yake. Hupotea kwa kuwa kipete chembamba cha kuunganishia kilifunguka bila mwenyewe kujua.

Ninaposema cheni ya vito ninakusudia vitu vitatu ambavyo kwa mbali vinafanana. Upo mkufu wa madini wenye kidani kimoja kilichopachikwa jiwe. Upo mkufu ambao mawe yamepachikwa kwenye viungo vyake, ama kuuzunguka wote ama sehemu ya mbele tu. Na yapo mawe yaliyotobolewa yakatungwa kwenye uzi au waya kama shanga. Kila namna ina udhaifu wake, na makala haya yanazigusa zote tatu, ingawa nitakaa zaidi kwenye kidani kwa sababu ndicho wengi wanachoanza nacho. Kwa anayedhani kwamba vito vya shingoni si vya wanaume, inatosha kukumbuka kwamba wafalme wa Kimughal wa India walivaa spineli na zumaridi kubwa, baadhi yake zikiwa zimechongwa majina yao, na kwamba vidani vilivyokutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, vilijaa lapisi lazuli, akiki na feruzi.

Kifungio ninachokiamini kwa matumizi ya kila siku ni kile chenye umbo la kucha ya kamba wa baharini, chenye ulimi mnene unaorudishwa na springi iliyofichwa ndani. Kile cha duara, chenye kitufe kidogo cha kuvutwa kwa ukucha, kinafaa mikufu myembamba isiyobeba kitu, kwa kuwa springi yake ni dhaifu, na jasho likichanganyika na vumbi ndani yake ulimi huanza kukwama nusu njia. Kukijaribu si kazi: kifungue kwa kidole gumba, kiachie ghafla, kisha kiinue kwenye mwanga. Ulimi unatakiwa urudi wenyewe hadi mwisho, usiache upenyo wowote kati yake na ncha ya pili. Rudia mara kadhaa bila haraka, hata kama muuzaji anakutazama kwa mshangao. Vifungio vya sumaku vinamsaidia mtu ambaye vidole vyake vinauma au havina nguvu, lakini siwezi kumshauri yeyote akiamini kifungio cha namna hiyo na jiwe ambalo asingependa kulitafuta sakafuni.

Baada ya kifungio vinafuata vipete viwili vya mwisho, kimoja kila upande, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kipete hutengenezwa kwa kukunja waya hadi ncha zake zikutane. Fundi makini huzilehemu ncha hizo zikawa kitu kimoja. Mwenye haraka huzibana kwa koleo na kuziacha hivyo. Kwa macho matupu tofauti haionekani. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, ambayo ni kifaa kidogo cha mfukoni, mshono usiolehemiwa huonekana kama mstari mweusi mnyoofu unaokatiza waya. Ukikosa lenzi, chukua unywele mmoja, uzungushe kwenye kipete na uuvute taratibu: penye mwanya unywele utanasa, na pengine utapita kabisa. Penye unywele kupita leo, kiungo cha mkufu kitapita siku mkufu utakaponaswa na kola ya shati. Lipo jambo moja ambalo mafundi wengine hulitetea, nalo ni kuacha kipete kimoja dhaifu kwa makusudi ili mkufu ukinaswa kitu kiachie kabla shingo haijaumia. Hoja hiyo ina maana, lakini anayefanya kazi karibu na mashine inayozunguka anapaswa kuvua mkufu kabisa, si kutegemea kipete.

Kitanzi cha kidani kina adui wa polepole. Kila unapotembea, kidani huyumba na kitanzi chake husuguana na mkufu mahali pale pale, na madini magumu hula yale laini. Mkufu wa stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, uliopitishwa kwenye kitanzi cha dhahabu au cha fedha hufanya kazi ya msumeno. Baada ya miaka ya kuvaliwa, sehemu ya juu ya kitanzi hubaki nyembamba kama karatasi, huku kwa mbele kidani kikiwa bado kinapendeza. Kwa hiyo napendelea kidani na mkufu wa madini ya aina moja, na kitanzi kiwe kinene upande wa ndani, ambako hakuna anayetazama. Tazama pia upana wa tundu lake. Ikiwa kifungio cha mkufu hakiwezi kupita humo, utakuwa umefungwa kwenye mkufu huo mmoja hadi fundi akusaidie, na mwanamume mwenye kidani kimoja kizuri karibu kila mara hutamani siku moja kukibadilishia mkufu.

Namna jiwe lilivyoshikwa ndiyo inayoamua kama kidani ni cha kuvaliwa kazini au cha kuvaliwa kwenye sherehe tu. Vikucha huruhusu mwanga kuingia kutoka pande zote, na jiwe angavu lililokatwa nyuso nyingi hung'aa vizuri zaidi likishikwa hivyo, lakini kila kikucha ni ncha inayoweza kunasa uzi wa sweta na kuinuka kidogo kidogo. Ukingo wa madini unaolizunguka jiwe lote hupunguza mng'ao, ila hulinda kingo za jiwe, ambazo ndizo huvunjika kwanza. Kwa mwanaume anayevaa cheni yake kuanzia asubuhi hadi usiku, mimi huchagua ukingo bila kusita. Mtihani wa haraka ni kupitisha kitambaa chepesi cha pamba juu ya jiwe: kikinasa, kuna kikucha kilichoinuka. Kisha kisogeze kidani karibu na sikio na kukigonga kwa kidole. Jiwe lililolegea hutoa mlio mdogo wa kuchezacheza. Mikufu iliyojaa mawe madogo madogo kila kiungo haina budi kupimwa hivi sehemu kwa sehemu, na anayeinunua ajue mapema kwamba ipo siku jiwe mojawapo litadondoka. Katika bidhaa za hali ya chini mawe hayo hayakushikwa na chochote isipokuwa gundi, na utaitambua kwa utando unaong'aa pembezoni mwa jiwe unapolitazama kwa lenzi.

Mawe yaliyotungwa yana maungio mengi kuliko namna nyingine yoyote, kwa sababu kila ushanga ni ungio. Njia ya zamani, ambayo bado ni bora kwa mawe ya thamani, ni kutunga kwa uzi wa hariri na kufunga fundo kati ya kila jiwe na jingine. Mafundo hayo yanafanya kazi mbili: uzi ukikatika hudondoka jiwe moja, si yote, na tena mawe hayasagani yenyewe kwa yenyewe. Hariri hulegea kadiri inavyovaliwa, kwa hiyo uzi hubadilishwa pale unapoanza kuonekana mtupu kati ya fundo na jiwe. Waya mwembamba wa chuma uliofunikwa plastiki ni imara zaidi kwa mawe mazito, mradi vibano vya mwishoni vimebanwa sawasawa. Uzi wa mpira unaovutika una faida ya kutohitaji kifungio. Hiyo ndiyo faida yake pekee. Ingiza pia jicho kwenye matundu: tundu lililotobolewa vibaya lina kingo kali zenye vipande vilivyobanduka, na kingo hizo hukata uzi kutoka ndani.

Sasa urefu. Mikufu ya wanaume huuzwa kwa kawaida katika urefu wa sentimita 45, 50, 55 na 60. Kwa shingo ya wastani, ile ya 45 hukaa kwenye shina la shingo na kuonekana hata shati likiwa limefungwa karibu vifungo vyote. Ya 50 hukaa kwenye mtulinga. Ya 55 hushuka chini yake kidogo. Ya 60 hufika kifuani na mara nyingi hupotea ndani ya nguo. Lakini shingo hazifanani, na kipimo cha duka hakijui shingo yako. Chukua uzi usiovutika, uzungushe shingoni pale kidani kinapotakiwa kukaa, weka alama, kisha uupime kwenye rula. Hakikisha umezidi mzunguko wa shingo yenyewe kwa sentimita 5 au zaidi, la sivyo mkufu utakukaba unapoinama. Kumbuka vilevile kwamba kidani huongeza urefu wake chini ya mkufu: kidani cha sentimita 4 kwenye mkufu wa 55 kinafika chini kuliko wengi wanavyotarajia.

Kwa mawe yaliyotungwa kuna hesabu ambayo wauzaji huisahau. Urefu hupimwa kwa uzi, lakini shingo hugusana na upande wa ndani wa mawe, na kadiri mawe yanavyonenepa ndivyo mzunguko wa ndani unavyopungua. Upungufu huo ni kipenyo cha jiwe mara 3.14. Mawe ya milimita 10 hula zaidi ya sentimita 3 za urefu wako. Ya milimita 4 hula kama sentimita 1 na robo. Ndiyo maana cheni mbili zilizoandikwa sentimita 50, moja ya mawe manene na nyingine ya mawe membamba, hazikai mahali pamoja.

Uzito nao una hesabu yake. Mawe ya jamii ya kwatzi, kama ametisti na akiki, ya milimita 8, yakijaza sentimita 50 hufanya takriban gramu 44. Ukipanda hadi milimita 10 unakaribia gramu 70, na ukishuka hadi 6 unabaki na gramu kama 25. Hematiti ya milimita 8, jiwe la madini ya chuma ambalo ni zito maradufu kuliko kwatzi, hukaribia gramu 90. Kwa saa moja mbele ya kioo gramu 90 zinapendeza, zinampa mtu hisia ya kuvaa kitu cha maana. Baada ya siku nzima shingo itakuwa na maoni tofauti. Mimi naona milimita 6 hadi 8 zinawatosha wanaume wengi, na zaidi ya hapo niwaachie wenye mabega mapana na subira.

Kwa mkufu wenye kidani, unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha kubeba jiwe la kawaida bila kulifunika, na kuanzia milimita 5 mkufu wenyewe huanza kushindana na jiwe. Mtindo wa viungo bapa vilivyolaliana ni imara na haunasi nywele za shingoni. Ule uliosokotwa kama kamba hupendeza ila hukusanya uchafu, na ule laini wenye umbo la nyoka ukikunjika mara moja haunyooki tena. Ukishauvaa, inama kana kwamba unafunga kamba za viatu, kisha simama na ugeuze kichwa huku na huku. Kifungio kikihamia mbele, maana yake kidani ni chepesi kuliko kinavyotakiwa kwa mkufu huo, na tabia hiyo haitaisha kwa kuzoea.

Kuhusu madini sitasema mengi, kwa kuwa mihuri yake inajieleza. Dhahabu ya karati 24 ni safi na laini mno kwa mkufu wa kila siku. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75 na hupigwa muhuri wa 750, karati 14 hupigwa 585, na karati 9 hupigwa 375. Mbili za katikati ndizo ningechagua. Fedha hupigwa 925, yaani asilimia 92.5, na huwa nyeusi kwa kukutana na salfa iliyomo hewani na kwenye jasho. Weusi huo husafishika, na katika kidani kilichochongwa hata huongeza uzuri kwa kubaki kwenye mifereji. Jihadhari na mikufu ya dhahabu iliyo tupu ndani. Huonekana minene kwa uzito mdogo, lakini hubonyea kirahisi na ikikatika ni tabu kuilehemu. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, fedha 10.5, kwa hiyo mkono wenyewe huhisi pale mkufu mnene unapokuwa mwepesi kupita kiasi.

Vilivyochovywa dhahabu si vibaya ilimradi vimeitwa hivyo. Uliza unene wa tabaka kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Chini ya mikroni 1 tabaka huanza kufutika kwenye kifungio na mahali pote panaposuguana na ngozi, na chini yake hutokea shaba au fedha. Stenlesi ya daraja la 316L, kwa maoni yangu, ni chaguo la heshima kwa mtu anayetoka jasho jingi. Ina nikeli, takriban asilimia 10 hadi 14, ila nikeli hiyo imeshikwa vizuri ndani ya mchanganyiko na hutoka kidogo sana. Wenye ngozi inayowashwa na nikeli ndio wanaopaswa kuwa makini zaidi, hasa na bidhaa zisizo na muhuri wowote. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusana na ngozi kwa muda mrefu, yaani mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Titani haina tatizo hilo na ni nyepesi mno, ingawa si kila fundi anaweza kuifanyia matengenezo.

Ndipo tunafika kwenye jiwe, na swali la kwanza bado si rangi. Friedrich Mohs alitunga mwaka 1812 kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 hadi 10, ambacho hueleza kitu kimoja tu: jiwe gani linaweza kulikwaruza jingine. Almasi ni 10, yakuti nyekundu na yakuti samawi ni 9, topazi na spineli ni 8, kwatzi ni 7. Namba ya kushika ni hiyo ya mwisho, kwa sababu vumbi la kawaida limejaa chembechembe za kwatzi. Jiwe lililo chini ya 7 hukwaruzwa na vumbi lile lile unalolifuta kwa kidole ukidhani unalisafisha, na baada ya muda nyuso zake hupoteza ukali, zikawa na ukungu ambao maji na sabuni haviuondoi. Feruzi ni 5 hadi 6, lapisi lazuli karibu na 5, malakiti ni 3.5 hadi 4, lulu ni kama 2.5, na kaharabu ni 2 hadi 2.5. Sisemi kwamba mawe haya yasivaliwe. Kidani hakigongwi kama pete, na kifuani pana amani zaidi kuliko kidoleni, kwa hiyo jiwe la 5 ambalo kwenye pete lingechakaa haraka linaweza kudumu kwenye mkufu. Ila livaliwe juu ya nguo laini, lisichanganywe na funguo mfukoni, na lihifadhiwe peke yake.

Ugumu si uimara, na hapa wengi huchanganya. Almasi haikwaruzwi na jiwe jingine la asili, lakini ina pande ambazo ikigongwa kwa pembe fulani hupasuka. Topazi nayo, pamoja na ugumu wake wa 8, hupasuka vivyo hivyo kwa mstari mnyoofu. Zumaridi ni 7.5 hadi 8, ila kwa kawaida imejaa nyufa za asili ndani yake, na mtikisiko mmoja unaweza kumalizia kazi ambayo ardhi iliianza. Tanzanaiti, iliyotambuliwa mwaka 1967 na ambayo hupatikana Mererani, Tanzania, pekee, ina buluu ya zambarau ambayo sijaona jiwe jingine likiifikia, lakini ugumu wake ni 6 hadi 7, hupasuka kwa urahisi, na haivumilii joto la ghafla. Ningeivaa kifuani kwa furaha, ikiwa ndani ya ukingo mnene, na kamwe nisingeiacha isafishwe kwenye chombo cha mtetemo. Anayetaka jiwe la kuvaa na kusahau atazame spineli na yakuti samawi. Spineli hasa imedharauliwa bila sababu. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi liliitwa yakuti, ni spineli. Ile nyeusi ni ngumu, hupata mng'ao mkali inapokatwa, na kwa kidani cha mwanaume naiweka mbele ya oniksi.

Mawe yenye vinyweleo, feruzi ikiwa ya kwanza, hunywa kinachoyagusa. Jasho, mafuta ya ngozi na manukato huingia ndani, na buluu yake hugeuka kijani kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo feruzi nyingi zilizoko sokoni zimejazwa utomvu wa viwandani ili zisinywe. Kwa jiwe litakalolala kwenye kifua chenye jasho, sioni ubaya wa hilo, mradi nimeambiwa.

Na kuambiwa ndiyo sehemu ngumu. Karibu oniksi zote nyeusi ni akiki iliyotiwa rangi. Njia ya jadi ni kuiloweka kwenye maji ya sukari hadi sukari iingie kwenye vinyweleo, kisha kuitia kwenye tindikali ya salfa inayoigeuza sukari hiyo kuwa kaboni nyeusi. Rangi hiyo haitoki, na jiwe linabaki na ugumu wake wa 7. Topazi ya buluu unayoiona madukani ilikuwa haina rangi kabla ya kupitishwa kwenye mionzi na joto. Mawe mengi ya njano yanayouzwa kwa jina la sitrini yalikuwa ametisti kabla ya kuchomwa. Mambo haya yamekubalika katika biashara, nami siyaoni kuwa udanganyifu yanapotajwa. Ninachokikataa ni yakuti nyekundu iliyojaa nyufa zilizozibwa kwa kioo chenye madini ya risasi. Kwa macho inapendeza, lakini tindikali hafifu inaila, na moto wa fundi anayelehemu kipete karibu nayo unaweza kuiharibu moja kwa moja. Kwenye lenzi ukizungusha jiwe hilo utaona mimeto ya buluu ndani ya nyufa, na vipovu vya hewa bapa.

Mawe yaliyotengenezwa viwandani ni habari nyingine tena. Yakuti ya kiwandani imeenea tangu Auguste Verneuil alipoitangaza njia yake mwaka 1902, na kwa kemia na ugumu ni yakuti kamili. Kinachotofautiana ni asili na bei. Almasi ya maabara vivyo hivyo. Zirkonia, inayofanana na almasi kwa macho, si almasi ya namna yoyote. Ni jiwe jingine kabisa, lenye ugumu wa zaidi kidogo ya 8, na kwa ukubwa ule ule huwa na uzito unaozidi ule wa almasi kwa zaidi ya nusu. Kioo ndicho cha chini kuliko vyote: kikishikwa hupata joto la mkono upesi, ilhali jiwe halisi hubaki na ubaridi kwa kitambo, na ndani yake mna vipovu vya mviringo ambavyo kwatzi ya asili haina. Mawe yaliyotiwa rangi kwa pupa hujitambulisha kwenye matundu: ukichungulia ndani ya tundu la ushanga utaona rangi imejikusanya kwenye mifereji na nyufa, iliyokolea kuliko usoni. Hematiti ya asili huvutwa na sumaku kwa udhaifu sana au isivutwe kabisa. Ile inayoruka na kung'ang'ania sumaku imetengenezwa na binadamu.

Rangi, basi. Kanuni yangu ni fupi kwa sababu macho ni ya mvaaji. Mawe ya rangi ya baridi, kama buluu, zambarau na kijani cha bahari, hukaa vizuri kwenye fedha, stenlesi na dhahabu nyeupe. Mekundu, ya machungwa na ya kahawia hupendezewa na dhahabu ya njano. Jeusi huenda popote, na pengine ndiyo maana huchaguliwa bila kufikiriwa. Jiwe lililong'arishwa likawa na mgongo wa mviringo bila nyuso huonekana la utulivu zaidi kifuani mwa mwanaume kuliko lililokatwa kumetameta, na huficha mikwaruzo midogo vizuri. Tazama rangi kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, kwa kuwa taa za madukani huchaguliwa ili kuyapendelea mawe, na jiwe la buluu iliyokolea lililong'aa chini ya taa huweza kuwa jeusi tupu ukitoka nje.

Kabla ya kulipa, omba maandishi. Risiti ionyeshe jina la jiwe, kama ni la asili au la kiwandani, na matibabu yaliyofanyiwa. Ionyeshe uzito wa jiwe kwa karati, ambapo karati 1 ni gramu 0.2 na haihusiani na karati za usafi wa dhahabu. Itaje pia madini ya mkufu na muhuri wake, na uzito wa mkufu kwa gramu. Muuzaji anayejua bidhaa zake huyaandika hayo kwa dakika chache. Anayesema kwamba mawe yote ni ya asili kisha akasita kuandika neno hilo hilo amekwisha kukujibu. Kwa yakuti, zumaridi au almasi ya thamani kubwa inafaa kuomba cheti cha maabara huru, na namba ya cheti ilinganishwe na vipimo vya jiwe lenyewe, kwani cheti halali kinaweza kuambatanishwa na jiwe lisilo lake. Kwa akiki au hematiti cheti kitagharimu kuliko jiwe, na fedha hiyo ni afadhali alipwe fundi wa kulehemu vile vipete viwili.